Fundi Anayefundisha Naye Afundishwe

Wilayani Mufindi watu wengi walioshika kazi hawakuipata chuoni. Mchuma chai alielekezwa na mchuma chai aliyemtangulia, mpasua mbao alielekezwa na mpasua mbao, na binti anayeshona sare za shule alianza kwa kukaa pembeni ya cherehani ya mtu mwingine, akikata nyuzi na kupiga pasi. Igowole, mji ulioko kwenye barabara inayotoka Nyololo kwenda Mgololo, unaishi kwa ujuzi wa namna hiyo. Upande huu chai, upande ule mipaina na milingoti, na katikati yake gereji, karakana za useremala, vibanda vya kuchomelea na mashine za kupasua magogo. Kila penye kijana anayemtazama fundi akifanya kazi, hapo pana darasa. Mwalimu wa darasa hilo, mara nyingi, hajawahi kufundishwa kufundisha.

Hoja ya safu ya leo ni kwamba pengo kubwa la mafunzo ya ufundi katika Nyanda za Juu Kusini haliko kwa mwanafunzi. Liko kwa yule anayemwelekeza kazini na kumpima. Tumejenga vyuo, tumetunga mitihani, tumegawa vyeti. Mtu anayeshinda na kijana kuanzia asubuhi hadi jioni tumemwachia atafute njia zake mwenyewe, kisha tunashangaa kwa nini mafundi wawili wa mtaa mmoja hutoa wanafunzi wasiofanana hata kidogo.

Tulikotoka

Historia inatukumbusha kwamba sheria zetu za ufundi zilianzia kazini, si darasani. Sheria ya mwaka 1940, enzi za mkoloni, ilihusu uanagenzi, yaani kijana kuwekwa chini ya mwajiri ili ajifunze kazi huku akiifanya. Sheria ya 1974 ikaunda idara ya taifa ya mafunzo ya ufundi, na Sheria ya 1994 ikazaa VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi. Kwa kila hatua uzito ulihamia zaidi kwenye chuo: majengo, karakana za mafunzo, mitaala na walimu. Morogoro kuna chuo cha kuwaandaa walimu wa ufundi stadi, na anayepita pale hujifunza kupanga somo, kuonyesha kazi na kutunga jaribio. Hilo ni jema. Ila msimamizi wa wachuma chai na fundi seremala wa Igowole hawaendi Morogoro, wala hawana sababu ya kwenda. Kazi yao haiwaruhusu kuiacha kwa miezi.

Miaka ya karibuni serikali imerudi tena mahali pa kazi. Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, imewaweka vijana kwenye uanagenzi na imewapima mafundi waliojifunzia mtaani ili wapewe vyeti, jambo tunaloliita urasimishaji wa ujuzi. Mwaka 2017 ulitoka mwongozo wa taifa wa uanagenzi. Halafu ikaja Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, iliyofungua mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi na kazi, katika sekondari kuanzia Januari 2024. Mwanafunzi wa amali hawezi kuiva kwa ubao na chaki tu. Itabidi apelekwe gereji, karakana na shambani. Mipango yote hii, ukiifuata hadi mwisho wake, inaishia mikononi mwa fundi au msimamizi mmoja, aliyesimama na kijana mmoja mbele ya kazi.

Swali lisilopima kitu

Tuichukue mashine ya kupasulia magogo ambayo huku kila mtu anaiita dingdong. Ni msumeno wa duara, injini, meza ya chuma na watu wachache wa kusukuma na kupokea. Ukiingia inakofanya kazi utasikia mafunzo ya namna hii, yakipigiwa kelele juu ya mlio wa injini:

"Umeona?"

"Ndiyo, fundi."

"Umeelewa?"

"Ndiyo, fundi."

"Haya, shika."

Hapo kijana ameshapewa msumeno unaozunguka, na fundi anaamini amefundisha. Lakini kijana wa huku hawezi kumwambia mtu mzima usoni kwamba maelezo yake hayakueleweka. Huo ungekuwa utovu wa adabu, na pengine ungemfanya aonekane mzito wa kuelewa mbele ya wenzake. Kwa hiyo "ndiyo" yake inapima malezi aliyopewa nyumbani. Kuhusu msumeno haisemi lolote.

Mkufunzi aliyeandaliwa huuliza kwa njia nyingine, tena mashine ikiwa imezimwa. Nionyeshe utasimama wapi gogo likianza kuingia. Kwa nini si upande ule? Msumeno ukibanwa na gogo, unafanya nini kwanza? Mwenzako akiinua mkono hivi, anakuambia nini? Kijana asipoweza kuonyesha, hajavunjiwa heshima na hajamvunjia mtu heshima. Imejulikana tu kwamba somo halijafika. Hapo maelezo hurudiwa, na hakuna aliyepoteza kidole. Badiliko lenyewe ni dogo: maneno mawili ya swali yamepisha ombi la kuonyesha. Hata hivyo watu wachache huligundua wenyewe, kwa sababu wao pia walifundishwa kwa "umeelewa?" na wakapona.

Marekani walikutana na tatizo hili wakati wa Vita Kuu ya Pili. Viwanda vilijaa watu wapya ambao hawakuwahi kushika spana, na mafundi wa zamani walijua kazi bila kujua kuieleza. Kati ya 1940 na 1945 mpango ulioitwa Training Within Industry uliwapa vyeti wasimamizi zaidi ya milioni moja na nusu kwa kozi fupi fupi. Moyo wa kozi ya kuelekeza kazi ulikuwa hatua nne: mwandae mwanafunzi, mwonyeshe kazi kipande kwa kipande, mwache aifanye huku akieleza anachofanya, kisha mfuatilie mpaka asimame peke yake. Baada ya vita mpango huo ulipelekwa Japani, na athari yake katika viwanda vya magari vya huko inazungumzwa hadi leo. Ulifaulu kwa sababu haukumtaka fundi awe msomi. Ulimtaka aipasue kazi yake vipande na ajue kila kipande kina siri gani.

Kuipasua kazi ya kuchuma

Jaribu kufanya hivyo kwa chai. Ukimwuliza mchuma mzoefu jinsi ya kuchuma atakujibu: majani mawili na chipukizi, basi. Mwombe achume polepole mbele yako, nawe uandike, utaona mambo mengi aliyoyaruka. Hachumi kwa kucha. Anakata kwa kidole gumba na cha shahada. Hajazi kiganja mpaka kifinywe, kwa sababu jani lililofinywa hupata joto, hupondeka na kuanza kuwa jekundu kabla halijafika kiwandani. Hatelemki chini ya usawa wa juu wa kichaka, ule unaoitwa meza, kwa sababu akishusha meza mahali pamoja, mizunguko ijayo itakuwa na mashimo. Wengine hulaza fito juu ya vichaka ili jicho liwe na mstari wa kufuata. Machipukizi yaliyolala, yasiyokua tena, nayo yana utaratibu wake.

Kila kipande kina mambo matatu: unafanya nini, ukikosea wapi kazi inaharibika, na kwa nini. Hilo la tatu ndilo mafundi wengi huliacha, na ndilo linalokaa kichwani. Kijana aliyeambiwa asijaze kiganja atatii akiwa anatazamwa. Kijana aliyefunuliwa kiganja na kuonyeshwa jani lililoanza kubadilika rangi atatii hata akiwa peke yake mwisho wa mstari, kwenye ukungu, hakuna wa kumwona.

Mizani na mkono wa sampuli

Kufundisha ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, iliyo ngumu zaidi, ni kupima. Chai inatupa mfano wa wazi. Mwisho wa zamu majani hupimwa kwenye mizani, na kilo ndizo zinazoandikwa kwenye daftari la malipo. Kuna kipimo kingine: mtu hutia mkono kwenye mzigo, anachukua sampuli, anaimwaga juu ya meza na kutenga majani mazuri na mabaya, kisha anahesabu. Jani lenye ukubwa stahiki huku, jani gumu kule, lililopondeka pembeni. Kilo zinaeleza mtu amefanya kazi kiasi gani. Hesabu ya majani inaeleza kama anajua kuchuma.

Msimamizi asiyeandaliwa atamsifu mwanafunzi kwa kilo, na mwanafunzi ataelewa haraka sana kinachotakiwa: ajaze, hata kwa majani magumu na vijiti. Aliyeandaliwa atamtaka katika majuma ya kwanza apate sampuli nzuri, na kilo zisubiri. Kinachopimwa ndicho kinachofundishwa, hata kama mdomo unasema vingine.

Wanaofundisha upimaji wa ujuzi hupitisha ushahidi wowote kwenye maswali manne. Je, unahusu kazi yenyewe inayopimwa? Je, unatosha, au ni bahati ya siku moja? Je, ni kazi ya mwanafunzi mwenyewe, au mlango ule aliumalizia kaka yake? Je, ni wa sasa, au ni sifa za mwaka juzi? Tumia maswali hayo kwenye karakana yoyote ya Igowole utaona hukumu ngapi zinaanguka. "Huyu ameshaiva, yuko nami mwaka wa tatu." Miaka mitatu si ushahidi wa kazi, ni ushahidi wa uvumilivu. "Huyu bado, hajatulia." Kutotulia ni tabia. Huenda ni kweli, lakini kiungo cha meza alichokichonga kinabana au hakibani?

Hukumu nzuri ni fupi na ina sababu. Viungo vitatu vimebana, cha nne kina mwanya upande wa ndani. Alipoulizwa alitaja mwenyewe kwamba patasi ilikuwa butu. Bado hajawa mahiri katika kunoa, arudiwe baada ya juma moja. Mwanafunzi akisomewa hivyo anajua afanye nini kesho. Akiambiwa "kaza buti", anabaki pale pale alipokuwa.

Maslahi ya fundi

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba tatizo ni mbinu tu. Lingekuwa hivyo, kijitabu kingetosha. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana, huvukuta, wakimaanisha kwamba aliye karibu na kazi hakosi kuambulia kitu. Ni kweli. Ila kuna vijana wanaovukuta miaka mitano, na sababu yake ni kwamba mhunzi anahitaji mvukutaji.

Fikiria uchumi wa karakana ndogo. Mji ni mmoja, wateja ni wale wale. Kijana akijua kila kitu atafungua kibanda umbali wa kutupa jiwe na kushusha bei. Fundi mwenye akili hubakiza kitu: jinsi ya kupiga hesabu ya mbao kabla ya kununua, namna ya kupanga bei, wapi vifaa hupatikana kwa nafuu. Anafundisha mikono na kuficha biashara. Na maadamu mwanafunzi hulipa ada au hufanya kazi bila ujira, kila mwezi anaochelewa kutangazwa kuwa ameiva ni faida kwa anayemtangaza. Kwenye shamba kubwa sura inabadilika lakini mantiki ni ile ile: nyapara anayehukumiwa kwa kilo za kundi lake hawezi kusimama nusu saa na mgeni mmoja bila kujipunguzia sifa.

Kwa hiyo kozi isiyogusa maslahi itazaa wakufunzi wenye vyeti na tabia za zamani. Mambo mawili yanahitajika pamoja nayo. La kwanza ni makubaliano ya maandishi kati ya fundi, kijana na mzazi au mlezi: atajifunza nini, kwa muda gani, atalipa au atalipwa nini, na ni nani atakayeamua kwamba ameiva. La pili ni kutenganisha anayefundisha na anayetoa hukumu ya mwisho. Fundi apime kila siku, kwa sababu yeye ndiye anayeona. Hukumu ya mwisho itolewe na mtu asiye na faida kijana akibaki wala hasara akiondoka.

Kenya walijaribu mpangilio wa namna hiyo. Katika KYEOP, mradi wa ajira na fursa kwa vijana ulioanza 2016, vijana waliwekwa kwa mafundi mahiri wa jua kali, yaani wa sekta isiyo rasmi, na upimaji ukabaki kwa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani. Ujerumani, ambayo mfumo wake wa uanagenzi tunausikia kila mara, ilikwenda mbali zaidi upande wa mkufunzi: kwa kanuni iliyoanza miaka ya 1970, anayewafundisha wanagenzi kazini hana budi kufaulu mtihani wa ufaafu. Una sehemu ya maandishi na sehemu ya vitendo isiyozidi dakika 30, ambamo mtahiniwa anaonyesha au anaeleza jinsi anavyofundisha kazi moja, kisha anahojiwa. Mwaka 2003 waliisimamisha kanuni hiyo ili kampuni nyingi zaidi zivutiwe kuchukua wanagenzi. Malalamiko ya ubora yakaongezeka, na mwaka 2009 wakairejesha. Nchi yenye uzoefu wote ule ilijaribu kufanya bila wakufunzi walioandaliwa, ikarudi nyuma.

Kozi ya Igowole

Hatuwezi kuhamisha mtihani wa Kijerumani hadi Mufindi, wala hatuna haja. Tunaweza kuchukua kiini chake, yaani mkufunzi apimwe akifundisha, na kukiweka kwenye kalenda na mazingira yetu.

Kalenda kwanza. Msimu mkubwa wa majani ni wa mvua. Kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya Mufindi hupunguza mavuno. Huo ndio wakati wa kumtoa msimamizi kazini siku nne au tano bila shamba kulia hasara. Baada ya siku hizo arudi kazini kwake na mwanafunzi wa kweli kwa miezi miwili au mitatu, kisha afuatwe hapo hapo apimwe. Kozi inayoishia ukumbini kwa picha ya pamoja na cheti cha kuhudhuria ingefaa ifutwe jina la kozi.

Cha kufundishwa ni vitu vichache: kuipasua kazi vipande na kueleza sababu, kuonyesha na kumwacha mwanafunzi aonyeshe, kuuliza bila kutisha, kusahihisha kosa bila kumkejeli mtu mbele ya wateja, kupima kwa ushahidi na kutoa hukumu yenye sababu. Usalama uingie katika kila kipande, usitengwe kuwa mada ya siku ya mwisho. Na kuna mada moja isiyopaswa kuonewa aibu: mipaka kati ya fundi na mwanafunzi. Msichana wa miaka 17 aliyewekwa chini ya mwanaume mwenye ufunguo wa karakana na neno la mwisho kuhusu cheti chake yuko mahali pa hatari. Mkufunzi ajue sheria inasema nini, na mzazi ajue ampelekee nani malalamiko.

Lugha iwe Kiswahili kuanzia mtaala hadi fomu. Baadhi ya mafundi bora wa huku kalamu haiwajii kwa wepesi, na hilo lisiwe kikwazo. Picha ya kiungo kilichobana iliyopigwa kwa simu na sauti ya nusu dakika inayoeleza kilichoonekana ni ushahidi unaotosha, mradi uhifadhiwe kwa utaratibu na tarehe ionekane.

Nani alipe? Tozo ya kuendeleza ujuzi ipo. Julai 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi asilimia 3.5 ya mishahara, na inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi. Kiwanda kikubwa kinalipa. Karakana yenye vijana watatu hailipi. Lakini kwa macho ya wilaya, karakana hizo ndogo kwa pamoja ni chuo kikubwa kisicho na geti. Sehemu ya fedha hizo ikiandaa wakufunzi wa kazini, wa shambani na wa mtaani katika chumba kimoja, itafika kwa vijana wengi kuliko jengo jingine jipya, kwa sababu kila mkufunzi mmoja huwa na wanafunzi mwaka hadi mwaka.

Pa kuanzia pako wazi. Kila fundi aliyerasimishwa ujuzi wake ameshathibitika kwamba anaijua kazi. Ni yeye wa kwanza wa kuitwa kwenye kozi ya kufundisha na kupima, na anayefaulu apewe hadhi inayoonekana: cheti cha ukufunzi kitundikwe ukutani, shule ya amali ipeleke wanafunzi kwake kabla ya kwingine, na halmashauri imkumbuke inapogawa kazi za madawati na milango. Hapo maslahi yatageuka. Fundi atakuwa na sababu ya kutoa wanafunzi walioiva, kwa kuwa hao ndio watakaomletea wengine, pamoja na kazi. Msimu wa baridi ujao unatosha kuanza na kundi dogo Igowole, nusu yao kutoka kwenye chai na nusu kutoka mbao na karakana. Mwaka mmoja baadaye wapimeni wanafunzi wao, si wao, mkaangalie kama kozi ilifaa.